Ujumbe Juu ya Usukani

Maite, funguo ziko ndani ya kopo la chai.
Mimi nimerudi wodini, zamu ya usiku haina huruma,
kwa hiyo wewe ndiye utakayelipeleka gari kwa Yerko
asubuhi, kabla upepo wa Punta Arenas haujaamka kabisa.
Usiogope. Nakueleza yatakayokupata.

Kwanza, ule mlio utakoma.
Wiki tatu umetusindikiza kutoka makaburini hadi bandarini,
mlio wa mtu anayetafuna changarawe usingizini,
lakini ukifika langoni pa Yerko gari litajikausha kimya,
adabu tupu, kama mtoto aliyeonyeshwa sindano.
Utajiona mwongo. Si mwongo.
Mwambie: ukikata kulia linanyamaza, ukikata kushoto linalalamika.
Kisha uuige ule mlio. Ndiyo, kwa mdomo wako, mbele ya watu.
Mimi niliwahi kunguruma pale na koti langu la unesi,
wanaume wanne wakanisikiliza kama wako kanisani,
na mmoja akasema, "Beringi."
Alipatia.

Yerko atauliza lilianza lini.
Hapo usinisitiri. Usiseme juzi.
Sema Juni, siku ile ya barafu,
mama alipanda ukingo wa barabara akitazama simu.
Nani alipiga, hilo si la gereji.
Mficha maradhi, kifo humuumbua;
mficha mlio, humuumbua bredauni.

Atavuta pumzi kwa meno kabla ya kutaja bei.
Usizimie. Pumzi ile ni hodi tu,
bei yenyewe huingia baadaye, imevua kofia.
Uliza spea ni mpya au imetolewa kwenye gari lililokufa.
Uliza saa ya kazi inaanza kuhesabiwa wapi,
kwenye jeki au kwenye chai.
Akisema, "Nimeona na kitu kingine,"
mwambie akuonyeshe kwa kidole.
Yerko ataonyesha. Mpwa wake Danko, yule wa hereni,
kwake yeye kila gari linaumwa shokomzoba,
hata lililoletwa kubadilishwa balbu.
Kwenye bahasha mna elfu tisini.
Zisipotosha, asifungue hata nati moja, anipigie.

Mlango wa nyuma asiuguse.
Najua haufungi vizuri. Nimeuzoea.

Utangoja. Kuna benchi lililokuwa kiti cha basi,
jiko la kuni, paka mwenye oili masharubuni,
na kalenda ya mwaka ambao hukuwa umezaliwa.
Saa moja ya Yerko ina dakika mia na ushee.
Chukua kitabu chako cha kemia. Hutakisoma.

Atakukabidhi beringi kuukuu, imefungwa kwa gazeti.
Ipokee. Izungushe kidoleni, usikie inavyokwaruza:
kichuma kinachoenea kiganjani,
na wiki tatu nzima sisi wawili tulikuwa juu yake
na magunia ya viazi, na ugomvi wetu.

Halafu kuna jambo ambalo mimi sikuambiwa na mtu, likanishtua.
Atalijaribu gari bila wewe.
Utabaki kando ya barabara, mikono mitupu,
upepo ukikusukuma mgongoni kama mtu mwenye haraka,
ukilitazama likikata kona bila sauti,
jeupe, limebonyea ubavuni, taa moja imelegea,
mtu mwingine kwenye kiti changu.
Hapo ndipo utakapoliona wanavyoliona majirani.
Kumbe ni dogo hivi.
Kumbe huinamia upande wa dereva.

Likirudi utafurahi mpaka usahau risiti.
Usisahau risiti.